Sufuria Moja, Miko Mitatu

Niliingia katika kazi ya ushauri wa taasisi kwa mlango wa uani. Nilikuwa mhasibu msaidizi katika asasi moja ndogo hapa Moshi, mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili, na mshauri mmoja kutoka Ulaya aliyekuja kuitathmini asasi hiyo alihitaji mtu wa kumwandikia kumbukumbu za vikao na kumtafsiria pale ambapo Kiingereza cha wafanyakazi kilikuwa kinaishia. Nikapewa shilingi 30,000 kwa siku, daftari la kurasa 200 na kiti cha pembeni karibu na dirisha. Kwa siku tisa niliandika kila kilichosemwa. Siku ya kumi niliombwa kuipitia rasimu ya ripoti ili nisahihishe majina ya vijiji, na nikaona kwamba sehemu kubwa ya yaliyokuwa kwenye daftari langu haikuwamo, na kwamba sehemu hiyo iliyoachwa ndiyo iliyokuwa na uzito.

Nitoe mfano mmoja. Dereva wa asasi aliulizwa anaonaje mawasiliano ya ndani, akajibu kwa sauti ya upole: "Mawasiliano ni mazuri, mimi huwa naambiwa safari asubuhi nikiwa nimeshawasha gari la safari nyingine." Chumba kizima kilicheka. Kwenye ripoti jibu lake lilikuwa limeingia katika sentensi isemayo kwamba wafanyakazi wengi wanaridhishwa na mawasiliano ya ndani. Nilikasirika kwa niaba ya dereva, mpaka nilipokumbuka kwamba mtafsiri nilikuwa mimi. Nilitafsiri nusu ya kwanza, kicheko kikanipitia, na nusu ya pili sikuitafsiri kamwe. Mzungu wa watu aliandika alichopewa.

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, ingawa wakati ule sikulijua kuwa ni somo. Sina shahada wala cheti cha maendeleo ya taasisi; nina stashahada ya uhasibu. Jambo hili lina aibu yake ndogo, kwa sababu naishi katika mji ambao Chuo cha Ushirika kimekuwapo tangu mwaka 1963 na kimekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2014, na ningeweza kwenda darasani kwa miguu. Kwanza ilikuwa ada, kisha watoto, kisha kazi zenyewe zikaanza kuja moja baada ya nyingine, na mtu anayeitwa kazini haoni haraka ya kwenda kujifunza kazi hiyo.

Kwa asiyeifahamu, kazi yenyewe ni hii. Taasisi, iwe asasi ya kiraia, chama cha akiba na mikopo, hospitali ya dini au idara ya halmashauri, inaona mambo hayaendi, basi inamwita mtu wa nje aisaidie kujitazama: inavyogawana kazi, inavyofikia uamuzi, inavyozungumza na inavyonyamaza. Mtu huyo hakagui hesabu, ingawa hesabu atazikuta, wala haji kufundisha kompyuta. Anakuja kwa ajili ya yale yaliyo kati ya mtu na mtu. Kwetu Tanzania anaitwa mshauri mwelekezi, na jina hili nimelitafakari kwa miaka mingi kuliko inavyostahili. Mwelekezi ni mtu aijuaye njia. Ukimuuliza, ananyoosha mkono. Kwa hiyo jina limeshamwahidi mteja jibu kabla mimi sijakaa kitini. Miaka mitatu ya mwanzo nililipokea jina hilo kwa moyo mkunjufu, nikaelekeza.

Nilijifunza kwa kunakili. Nilikusanya ripoti za washauri wengine kila nilipozipata, nikaona kwamba zote zina mifupa ileile: usuli, mbinu zilizotumika, matokeo, jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo, mapendekezo, na mwishoni picha za watu wazima wameinamia karatasi sakafuni wakiwa na kalamu rashasha mkononi. Mifupa hiyo mtu mwenye akili ya kawaida anaijua kwa juma moja. Hapo ndipo hatari ya kujifundisha mwenyewe ilipo, kwamba sehemu inayojifunzika haraka ndiyo inayoonekana, na inayoonekana ndiyo inayolipiwa. Niliwahi kupewa mpango mkakati wa miaka mitano wa asasi moja ya wakulima wa kahawa niuhuishe, nikafika ukurasa wa 31 nikakuta unazungumzia kwa kirefu nyavu na mialo ya wavuvi. Mshauri aliyetangulia alikuwa ameutoa ziwani. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mpango huo ulikuwa umepitishwa na bodi, ukafadhiliwa, ukatekelezwa kwa namna moja au nyingine, na kwa miaka mitano hakuna aliyeufikia ukurasa wa 31.

Sasa niseme habari ya chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, maana kosa lilikuwa langu na wao hawana sababu ya kubeba jina lake.

Mwenyekiti alinipigia simu akasema bodi inataka muundo mpya. Idadi ya wanachama ilikuwa imeongezeka, marejesho ya mikopo yalikuwa yanachelewa, na ofisini kulikuwa na kile alichokiita kutoelewana kidogo. Akanitumia hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za ukurasa mmoja na nusu. Nikazisoma mara moja, nikakubali, nikaomba wiki tatu. Nilihoji watu 14: bodi, meneja, wafanyakazi wote na baadhi ya wanachama. Kila mmoja nilimwambia maneno yaleyale, kwamba atakachosema kitabaki kwangu na kwamba kwenye ripoti hakutakuwa na jina la mtu. Nilikuwa nimeyaona maneno hayo kwenye dodoso za watu wengine na niliyapenda kwa sababu yanafungua midomo.

Yalimfungua mdomo mtunza fedha wa dirishani. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa mzaha, aliyewahi kuuza chakula sokoni kabla ya kuajiriwa, na mazungumzo yake yote yalikuwa na harufu ya jiko. Nilipomuuliza ni nani hasa anayetoa maagizo pale ofisini, aliweka kalamu chini akasema: "Mwanangu, hapa sufuria ni moja, miko ni mitatu, na kila mwenye mwiko anakoroga kwa upande wake." Kisha akanieleza nani na nani na nani. Mwenyekiti alikuwa anafika ofisini kila siku na kutoa maagizo kana kwamba ni mwajiriwa. Meneja alikuwa anayabatilisha jioni. Na mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo alikuwa anapitisha maombi ya watu wake kwa simu. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa katika dakika 20 yale ambayo siku sita za nyaraka hazikuwa zimenionyesha.

Nikafanya jambo ambalo mtu anayependa maneno mazuri hulifanya. Nikaiweka sentensi yake kama kichwa cha sura ya matokeo, kwa herufi nzito, bila jina, nikajiona mwandishi. Siku ya kuwasilisha ripoti mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akacheka, kisha akasema: "Hii ni ya mama wa dirishani, hakuna mwingine anayezungumza hivi." Wajumbe wote wakaitikia kwa kicheko. Nami, naandika hili kwa fedheha, nilitabasamu. Kabla ya miezi miwili kwisha mama yule alihamishiwa kwenye tawi dogo huko juu, ambako nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula sehemu nzuri ya mshahara wake. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa ajili ya kuimarisha huduma, na ilitaja, kama msingi wake, mapendekezo ya mshauri mwelekezi.

Kwa mtu aliyesomea kazi hii, naamini, kuna siku mwalimu anasimama mbele ya darasa na kueleza kwamba kuficha jina hakumfichi mtu, kwamba katika ofisi ya watu tisa msemo ni sura. Mimi siku hiyo sikuwa nayo. Kwenye uhasibu nilifundishwa kuficha tarakimu za mteja. Hakuna aliyenifundisha kwamba namna mtu anavyozungumza ni mali yake inayomtambulisha kuliko saini. Tangu hapo sinukuu mtu kwenye ripoti ya taasisi ndogo mpaka nimemsomea maneno yenyewe na yeye mwenyewe amekubali, na mara nyingi nayabadilisha mpaka yanakuwa mabaya kama maneno ya ripoti yote. Ripoti zangu za siku hizi hazina uzuri wowote.

Muundo wenyewe nao ulikuwa na kasoro, ila hiyo nilichelewa zaidi kuiona. Kabla sijaja, karani mmoja alikuwa anapokea ombi la mkopo, anakwenda kumwona mdhamini nyumbani kwake, na kama marejesho yakichelewa ni yeye yule anayerudi kuuliza kuna nini. Niliona ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja na mwanya wa upendeleo, nikaigawa kazi katika meza tatu: mapokezi, tathmini ya mikopo, ufuatiliaji. Kwenye karatasi ilipendeza. Mwaka mmoja baadaye nikasikia kwamba marejesho yamezidi kuchelewa. Mtu wa ufuatiliaji alikuwa anakwenda kwa watu asiowajua kudai fedha ambazo hakuzitoa; mtu wa tathmini alikuwa anapitisha mikopo ambayo hataiona tena; na kila meza ilikuwa na maelezo mazuri kuhusu uzembe wa meza nyingine.

Ni wakati huo, nikitafuta kwenye simu usiku maelezo ya kitu nilichokuwa nimekivunja bila kujua kilivyofanya kazi, ndipo nilipokutana na wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth, wote wa Taasisi ya Tavistock ya London, walichapisha makala kuhusu migodi iliyokuwa imeingiza mashine na mpangilio mpya wa uchimbaji. Zamani wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi vidogo vya watu waliochaguana, wakiianza kazi na kuimaliza wenyewe na kugawana malipo. Mpangilio mpya uliwaweka watu wapatao 40 katika mzunguko mmoja wa zamu tatu, kila zamu na kipande chake: hawa wanakata, hawa wanajaza, hawa wanasogeza mitambo. Mashine zilikuwa nzuri, lakini watu wakaanza kukosekana kazini, zamu moja ikailaumu nyingine ambayo haikuwahi kuiona uso kwa uso, na jasho la mmoja likaharibiwa na haraka ya mwingine. Nilisoma habari hiyo nikaiona ofisi ya chama changu, meza zake tatu zimepangwa foleni gizani chini ya ardhi.

Lakini kilichonifanya nisilale usiku ule ni habari ya Bamforth mwenyewe. Kabla ya kuwa mtafiti alikuwa mchimba makaa kwa miaka 18. Alirudi katika migodi aliyoijua kwa mikono yake, na aliona kilichokuwa kimepotea kwa sababu aliwahi kuwa nacho. Nikaendelea kuchimba, nikagundua kwamba waasisi wa fani hii wamejaa watu wa namna hiyo. Richard Beckhard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 ni kati ya vile vilivyoipa fani jina na umbo, alikuwa msimamizi wa jukwaa katika michezo ya kuigiza ya Broadway kule New York. Aliitwa kwanza kuwasaidia watu wa mafunzo kupanga mikutano mikubwa, akabaki. Kurt Lewin alikuwa mwanasaikolojia msomi aliyehama Ujerumani mwaka 1933, lakini hata ugunduzi uliotokana na kundi lake ulikuja kwa ajali. Mwaka 1946, katika warsha huko Connecticut, watafiti walikuwa wanakutana jioni kujadili waliyoyaona mchana. Baadhi ya washiriki wakaomba wakae wasikilize. Mmoja akasikia anavyoelezwa, akapinga, akasema haikuwa hivyo hata kidogo, na kutokana na ubishi huo kila mtu akajifunza kuliko alivyojifunza mchana kutwa. Lewin alifariki Februari 1947, kabla ya mafunzo ya kwanza yaliyojengwa juu ya ajali hiyo kufanyika Bethel, katika jimbo la Maine, majira ya kiangazi ya mwaka huohuo.

Sisemi haya ili kujipa hadhi ya ukoo, kwamba kwa kuwa na wao hawakusomea basi nami ni mwenzao. Wao hawakuwa na shule kwa sababu shule ilikuwa haijajengwa. Mimi ninayo, tena jirani. Ninachosema ni kwamba kila mmoja wao alikuja na kitu alichokuwa anakijua kwa undani, mmoja makaa, mwingine jukwaa, na alichokuwa anakijua kilimfanya aone. Nikajiuliza mimi najua nini kwa undani. Jibu lilinichukua muda kulikubali kwa sababu halina fahari: najua kuandika kumbukumbu za vikao. Najua tofauti ya kilichosemwa na kilichoandikwa, kwa sababu kwa miaka kadhaa tofauti hiyo ilipita mkononi mwangu.

Aliyenisaidia kukitumia kitu hicho alikuwa mama mmoja mstaafu wa utumishi wa umma, aliyeshughulika na mafunzo ya watumishi kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye sasa anafuga kuku mtaa wa Soweto, hapahapa Moshi. Nilimwendea baada ya kisa cha mtunza fedha, nikiwa na ripoti mkononi, nikidhani atanisahihisha lugha. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea ripoti, akaiweka chini ya kiti bila kuifungua.

"Ni nani aliyekuita?" akaniuliza.

"Bodi, mama."

"Bodi yote ilikaa ikakubaliana, au mwenyekiti alikupigia simu?"

"Mwenyekiti alinipigia simu."

"Na anayekulipa?"

"Chama."

"Chama ni nani, mwanangu?"

Nilinyamaza. Kwa sheria ya vyama vya ushirika jibu ni rahisi, mkutano mkuu wa wanachama ndicho chombo cha juu kabisa; bodi inachaguliwa nao, na meneja anaajiriwa na bodi. Jambo hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe katika ukurasa wa nne wa ripoti ileile iliyokuwa chini ya kiti, na bado nilikuwa nimefanya kazi wiki tatu kama mtu aliyeajiriwa na simu moja. Yule mama hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba kabla ya kusaini kitu, nikae na wale wote ambao kazi itawagusa, kila upande uniambie unategemea nini na unaogopa nini, na kama mwenyekiti hataki nikae na meneja kabla ya mkataba, basi nimeshajua tatizo ni nini na sijalipwa hata senti. Kisha akaenda kuwapa kuku maji.

Huo mwanzo wa kazi, mazungumzo yanayotangulia mkataba, ndio ambao wenzangu wengi tuliojifundisha wenyewe tunauruka. Tunazipokea hadidu za rejea kama mwanafunzi anavyoupokea mtihani, tunajibu swali lililoulizwa. Baadaye nilisoma kwamba Edgar Schein, mwanasaikolojia wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyezaliwa Zurich mwaka 1928 na kufariki mwaka 2023, alikuwa ametofautisha aina tatu za msaada. Kuna anayenunuliwa kama fundi mwenye ujuzi. Kuna anayeitwa kama daktari apime na kuandika dawa. Na kuna anayekaa na mteja ili mteja mwenyewe aone kinachotokea na aamue, kwa kuwa tatizo ni lake na atakayeishi na suluhisho ni yeye. Schein hakusema kwamba aina mbili za kwanza ni mbaya. Ikiwa bomba limepasuka, mwite fundi. Ila alionya kwamba daktari wa taasisi anamtegemea mgonjwa aseme kweli juu ya kinachomuuma, na taasisi ni mgonjwa mwenye midomo mingi.

Nilipoisoma hoja hiyo niliona kwamba aina ya tatu ndiyo ambayo jina letu la mwelekezi linaikataa. Mara kadhaa nimemweleza mteja kwamba sitaleta mapendekezo, kwamba nitaleta maswali na kukaa nao mpaka wapate yao, na nikaona uso wake ukibadilika kama mtu aliyeuziwa gunia la mkaa likakutwa lina matawi. Wengine walikwenda kwa mshauri mwingine, wakapata mpango wenye jedwali. Siwalaumu, wafadhili wao wanataka waraka, na waraka una tarehe ya mwisho.

Lakini hata aina hiyo ya tatu haiji kwetu ikiwa imekamilika, kwa sababu imetengenezwa na watu wanaoweza kumwambia mkubwa wao mbele ya wote kwamba anawakatiza maneno. Mimi hufanya kazi katika vyumba ambamo nusu ya waliopo wamemwamkia nusu nyingine shikamoo asubuhi ileile. Ukisema tuzungumze kwa uwazi, mkubwa atazungumza kwa uwazi na wadogo wataitikia kwa uwazi. Kule Bethel walikuwa na wiki kadhaa na msitu mtulivu. Mimi nina siku mbili, chai ya saa nne, na mwenyekiti anayesubiriwa ili kikao kifunguliwe.

Kwa hiyo nilitafuta njia. Vikadi vya manila ni vya kawaida, kila mwezeshaji anavyo, lakini nilikuwa nimeshajifunza kwa gharama ya mtu mwingine kwamba mwandiko nao ni sura. Nikaanza kununua kalamu rashasha za rangi moja, nyeusi, na kuwataka wote waandike kwa herufi kubwa, wazo moja kwa kadi, maneno yasiyozidi saba. Nikaacha kukusanya kadi kwa mkono. Kuna sanduku la viatu linapita, na nalichanganya kabla ya kubandika. Nikaanza pia kuwagawa watu kwa rika na cheo kabla ya kuwakutanisha, madereva na walinzi peke yao, wakuu wa idara peke yao, kwa sababu mtu huwa jasiri zaidi kati ya wenzake, na kundi likishasema pamoja hakuna wa kuhamishwa peke yake. Wakufunzi wa vyuoni wangeweza kunionyesha haya yote katika mhadhara mmoja, najua. Pengine wangenionyesha na sababu zake.

Na kuna neno changamoto. Lilipoingia kwenye lugha ya ofisi lilifukuza maneno matatizo, makosa, wizi, uvivu na chuki, yote kwa mpigo, na sasa mtu anaweza kukaa kikaoni saa mbili akisema changamoto ni nyingi bila kumgusa mtu. Yule mama wa kuku alinifundisha swali moja ambalo nalitumia karibu kila siku: "Ukiliondoa neno changamoto, ungesemaje?" Mara nyingi hufuata ukimya, kisha sauti inashuka, kisha inakuja sentensi yenye mtu na kitendo ndani yake. Hapo kalamu yangu huanza kufanya kazi. Katika chama kimoja "changamoto ya usafiri" ilikuwa pikipiki ya ofisi inayolala kwa mtu fulani. Kwingine "changamoto ya mawasiliano" ilikuwa mke wa mkurugenzi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lingenichukua miaka kulijua kama mzee mmoja mwanachama asingenieleza bila kuulizwa. Nilikuwa nashangaa kwa nini, katika vyama vya mlimani, neno muundo mpya linawafanya wazee wakunje uso hata kabla hujaeleza muundo wenyewe. Mzee yule aliniambia nihesabu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1933, ikirithi chama cha wakulima kilichoanzishwa 1925. Baba yake alikuwa mwanachama. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na vikaja kurudishwa baada ya sheria ya mwaka 1982. "Kila mara alikuja mtu mwenye karatasi," alisema, "na kila mara karatasi ilikuwa nzuri." Kwake mimi sikuwa mtaalamu mgeni. Nilikuwa mtu mwingine mwenye karatasi, na alikuwa ameshawaona wa kutosha kujua jinsi ya kutuitikia ndiyo mpaka tuondoke. Tangu siku hiyo, kazi yangu ya kwanza katika taasisi yoyote ni kuuliza ni nani alikuja kabla yangu, alipendekeza nini, na yalikwenda wapi. Jibu la swali la tatu huwa liko kabatini.

Nikiulizwa na vijana, na siku hizi wanauliza, kama inafaa kuingia kazi hii bila kuisomea, nawaambia kama wanaweza kusoma, wasome. Nawaambia hivyo kwa dhati na si kwa unyenyekevu wa uongo. Nilichokosa hakikuwa mbinu, mbinu zimejaa kila mahali. Nilikosa mtu wa kunitazama nikifanya kazi na kuniambia jioni: pale mama yule aliponyamaza, wewe ulimaliza sentensi yake. Chuo kina wenzako wa darasa, kina msimamizi, kina siku ya kujaribu juu ya kundi ambalo halitaumia. Mimi nilijaribu juu ya watu waliokuwa na mishahara na ada za watoto. Kwa ambaye hawezi kwenda, basi atafute mtazamaji kwa njia yoyote. Kwa miaka sita sasa tuko watatu tunaokutana kila mwisho wa mwezi, mmoja muuguzi wa zamani, mwingine alikuwa afisa maendeleo ya jamii, na kanuni yetu ni kwamba huruhusiwi kusimulia kazi iliyokwenda vizuri. Kumbukumbu naandika mimi.

Mtunza fedha nilikutana naye tena kwenye Hiace ya kwenda Marangu, miaka minne baada ya ripoti. Alikuwa ameacha kazi kwenye chama na amerudi kupika. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa ishara ya mkono, akauliza kitu kingine kabisa: "Ule muundo wako, waliutumia?" Nikamjibu kwamba sijui, kwamba sikuwahi kurudi. Akanitazama kwa mshangao mkubwa kuliko ule ambao ningeustahili kwa kosa langu lenyewe. "Yaani unapika halafu huonji?" Aliteremka Himo.

Sasa narudi, baada ya miezi sita, na siku hiyo ya kurudi naiandika kwenye mkataba tangu mwanzo bila malipo ili asipatikane mtu wa kuikata. Juzi nilirudi kwenye asasi moja ambayo wafanyakazi wake walikuwa wameandika wenyewe, kwenye karatasi ya bango kitita, makubaliano saba ya namna watakavyofanya kazi pamoja. Nilitegemea kuikuta kabatini. Ilikuwa bado ukutani, imepauka kwa jua, gundi imeachia pembe moja. Makubaliano ya nne, yaliyosema kwamba kila mtu yuko huru kutoa maoni kikaoni, yalikuwa yamekatwa kwa kalamu ya wino, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "mkurugenzi azungumze wa mwisho". Niliuliza ni nani aliyeandika. Mkurugenzi alitazama dirishani, dereva akatazama viatu vyake, na mimi sikuuliza mara ya pili.